PS4 inabaki taa ya buluu kisha inajizima: fundi anataka "kuchoma bodi", nikubali?

MwanaKisauni (mwenye uzi)

Salaam aleikum wadau wa Pwani na kwingineko.

Nina PS4, mashine ya gemu, ile nene ya kwanza. Iko kibandani kwangu huku Kisauni, vijana wanacheza mpira jioni. Wiki iliyopita stima ilipotea katikati ya mechi, ikarudi, ikapotea tena, ikarudi tena, mnaujua mchezo wenyewe. Tangu hapo mashine haiwaki sawasawa. Nikigusa kitufe inalia pii, taa ya buluu inakuja, inafifia na kung'aa, inafifia na kung'aa, na TV haioni kitu. Ikikaa hivyo kwa muda inajizima. Mara chache inafika nyeupe, naona nembo, halafu inaganda papo hapo.

Nimebadilisha kebo ya HDMI, nimejaribu TV ya jirani, nimechomeka moja kwa moja ukutani bila ekstensheni. Hali ni ile ile.

Nikampelekea fundi mjini. Hakuifungua hata skrubu moja. Aliitazama taa tu akasema bodi imekufa, aichome kwa hewa moto, na pesa anayotaka inakaribia ya kununua nyingine ya mtumba. Nimeirudisha nyumbani. Naomba mnipe mawazo kabla sijatoa mfuko.

Kaa_la_Moto

Hiyo ndiyo taa ya kifo ndugu yangu. Pole. Iuze spea kwa spea, padi na pawa saplai vina wateja.

DadaMtwapa

Aiuze vipi na nembo anaiona mara nyingine? Bodi iliyokufa haikuonyeshi nembo. Mwenye uzi, usiuze kitu. Ngoja wanaojua waamke.

Fundi_Makupa

Nimeamka, dada.

MwanaKisauni mwanangu, tulia. Taa ya buluu peke yake si ugonjwa. Kila PS4 duniani huanza na buluu. Yajikagua, na ikimaliza yageuka nyeupe. Ikikwama kwenye buluu maana yake kuna kiungo ilichokiita hakikujibu. Huyo aliyekwambia bodi imekufa kwa kutazama taa amekisia, na makisio yake wayalipia wewe.

Taa zasomeka hivi. Machungwa ni usingizi. Nyekundu ni joto, vumbi limejaa au feni imechoka. Hakuna taa wala mlio kabisa, anza na kebo ya umeme kisha pawa saplai. Nyeupe lakini TV nyeusi, mulika tochi kwenye tundu la HDMI, mara nyingi utakuta pini imelala kwa sababu mtu alichomeka gizani kwa nguvu. Buluu ya sekunde moja kisha kimya, hapo kuna shoti au saplai haibebi mzigo. Ya kwako, buluu ndefu na mara nyingine nyeupe ikaganda, mimi wa kwanza kumshuku ni diski ya ndani, ile ihifadhiyo gemu na mfumo. Na hasa ukiniambia stima ilikatika ikicheza. Diski ile ya sahani izungukayo, ikinyimwa umeme ghafla wakati inaandika, yaweza kuharibika palepale.

Kujipimia ni bure. Chomoa umeme ukutani. Ielekeze mashine kwako. Mfuniko wa juu una sehemu mbili, ile ya kushoto isukume kwenda kushoto, yatoka bila bisibisi. Utaona skrubu moja kubwa yenye alama za vitufe vya padi: mraba, pembetatu, msalaba, duara. Fungua hiyo tu, vuta treyi ya diski nje. Sasa washa bila diski.

Ikienda nyeupe ikakuandikia kwamba haiwezi kuifikia hifadhi, na namba CE-34335-8, basi imekuonyesha picha, imejikagua, imelalamika. Bodi nzima, saplai nzima, HDMI nzima. Ikibaki buluu bila diski, rudi hapa tuongee mengine.

Risasi_na_Pasi

Fundi Makupa nakuheshimu mkubwa wangu lakini usiwatukane wanaochoma. Mimi nachoma, na mashine zinaamka. Wateja wanaondoka wanacheka.

Fundi_Makupa

Zaamka, sikatai. Swali ni zaishi muda gani. Ukipiga hewa moto chipu kubwa, bodi yatanuka, viungo vilivyoachana vyagusana tena, mteja aona picha alipa aenda. Baadaye joto la kawaida la gemu laviachanisha upya, na sasa bodi imepindika kidogo, na vidude vidogo vilivyo karibu vimeungua. Mwenye vifaa kamili, anayeng'oa chipu, akasafisha na kuweka vitone vipya vya risasi ya kulehemu, huyo simsemi. Nawasema wa kuelekeza bomba la hewa kwenye bodi kisha kuomba dua.

Na zaidi ya yote, yakhe, hata hiyo kazi safi yafanywa baada ya kupima. Si kabla.

Mzee_wa_Kaseti

Vijana, hili jambo la kuchoma lilianza na Xbox 360, zile taa tatu nyekundu. Mnakumbuka watu wakiifunga taulo ati ipate joto ijiponye? Microsoft wenyewe mwaka 2007 waliongeza dhamana ya tatizo lile hadi miaka 3 na wakatenga zaidi ya dola bilioni 1 kulishughulikia. Miaka mingi baadaye wahandisi wao wakaeleza kwamba viungo vilivyokuwa vikikatika vilikuwa ndani ya chipu, kwa ajili ya kupata moto na kupoa kila ukiwasha na kuzima. Ndani ya chipu, si chini yake. Sasa bomba lako la hewa litafika huko ndani?

Mafundi wakabaki na dawa moja kwa kila ugonjwa wa kila mashine. PS4 ni ya 2013, kitu kingine kabisa.

MamaZubeda

Mimi si mtu wa gemu, ya mwanangu ilikataa kuwaka tukaipeleka, ikafunguliwa mbele yangu. Mende! Wametaga ndani ya pawa saplai. Nilitamani ardhi ipasuke.

BaharinLikoni

Usione haya mama, kwani mende anaipenda PS4 kuliko vijana. Kuna joto, kuna giza, na wewe mwenyewe umeiweka chini ya TV karibu na sahani za maandazi.

Fundi_Makupa

Mama Zubeda si wewe peke yako, nawakuta kila siku. Mende akipita kati ya nyaya mbili za saplai aziunganisha na afa hapo hapo, na mashine yafa naye. Iweke juu, mbali na jikoni, na usiifunike kitambaa cha nakshi. Najua chapendeza.

MwanaKisauni (mwenye uzi)

Wajameni nimerudi. Nimetoa diski kama mzee Fundi alivyoelekeza. Buluu, kisha NYEUPE, kisha maandishi na namba ile ile CE-34335-8. Nimeizima na kuiwasha tena, kila mara hivyo hivyo, haigandi hata kidogo.

Yaani yule alitaka kuichoma bodi nzima!

Sasa nafanyaje? Na je, hii diski haina matumaini kabisa? Ligi yote ya vijana iko humo, wameijenga tangu Ramadhani.

DadaMtwapa

Ipe nafasi moja kabla ya kuitupa. Irudishe ndani. Mashine ikiwa imezima kabisa, bonyeza kitufe cha kuwashia usiachie. Utasikia mlio wa kwanza, endelea kushika, baada ya sekunde kama 7 utasikia wa pili, achia. Ikikubali utaingia kwenye hali salama, skrini nyeusi yenye machaguo 7.

Padi lazima uiunganishe kwa kebo ya USB, bila waya haisikiki huko. Na kebo iwe ya data. Nyingi za pale barabarani ni za chaji tu, padi itawaka taa lakini mashine itaendelea kukuambia uiunganishe, na utaona kama imeharibika padi nayo.

Chagua namba 5, kujenga upya hifadhidata. Hiyo haifuti gemu wala michezo mliyohifadhi, inapanga upya orodha ya vilivyomo. Namba 6 na 7 usiziguse kwa sasa, hizo zinafuta kila kitu.

MwanaKisauni (mwenye uzi)

Dada, imeingia hali salama kwa shida. Namba 5 ilianza, mstari ukasogea kidogo ukasimama. Nimeiacha usiku kucha, asubuhi iko pale pale. Na nikiweka sikio nasikia tik… tik… tik kutoka upande wa diski.

Fundi_Makupa

Hiyo tik ni kichwa cha kusomea chatafuta njia hakioni. Imekwisha.

DadaMtwapa

Kama una kompyuta na kebo ya kuunganisha diski kwenye USB (SATA kwenda USB), unaweza kuithibitisha. Ichomeke, Windows itakuuliza kama unataka kuiumbiza (format), kataa. Fungua programu yoyote ya kusoma afya ya diski. Ukiona sekta zilizohamishwa au zinazosubiri, yaani vipande vibovu vya diski, zimepanda, basi ndiyo hiyo.

Kuhusu ligi: habari si nzuri. Yaliyomo kwenye diski ya PS4 yamefungwa kwa ufunguo wa mashine ile ile. Kompyuta haiyasomi, na PS4 nyingine haiyasomi. Njia pekee ingekuwa diski iishi muda wa kutosha kuwaka mpaka menyu, uingie kwenye mipangilio, unakili data za gemu kwenye flashi. Kama mlikuwa na usajili wa PS Plus zingeweza kuwa mtandaoni.

Na wewe unayesoma hapa mashine yako ikiwa nzima, fanya hivyo leo usiku. Data za gemu ni ndogo, flashi ya kawaida inazibeba.

Kaa_la_Moto

Nimenakili za kwangu sasa hivi. Sitaki mchezo.

MwanaKisauni (mwenye uzi)

Haya, ligi imekufa, tutaanza msimu mpya. Vijana watanila nyama. Diski ninunue ya aina gani? Muuzaji mmoja Digo Road anasema PS4 inataka diski yake maalumu "ya kampuni".

BaharinLikoni

Anataka kukuuzia upepo.

Fundi_Makupa

Hakuna diski maalumu. Yataka ya SATA ya inchi 2.5, zile za laptopu, unene usizidi milimita 9.5, na nafasi isiwe chini ya GB 160. Ukiwa na laptopu mbovu nyumbani ambayo diski yake nzima, twaa hiyo. Ukinunua ya mtumba, mwambie muuzaji akuonyeshe afya yake kwenye kompyuta mbele yako, akikataa ondoka.

Mfuko ukiruhusu chukua SSD. Ile nene yako yatumia SATA ya kizazi cha pili kwa hivyo hutaipata kasi yote ya SSD, lakini haina sahani ya kuzunguka, na kibandani ambapo meza yatikiswa kila goli likiingia, hilo pekee latosha kuilipia.

Treyi ina skrubu nne pembeni, hamisha diski, rudisha ile skrubu kubwa. Usitumie bisibisi iliyokwisha meno, ukiivuruga kichwa ile skrubu utalia.

DadaMtwapa

Upande wa programu sasa, na hapa ndipo wengi hukwama wakarudi kulaumu diski mpya.

Tafuta flashi, iumbize FAT32 au exFAT. Ndani yake unda folda iitwayo PS4, herufi kubwa. Ndani ya hiyo, folda UPDATE, herufi kubwa. Nenda kwenye tovuti ya PlayStation yenyewe, upakue faili la kusakinisha upya mfumo. Kuna mafaili mawili pale, la kusasisha na la kusakinisha upya. Unataka la pili, ndilo kubwa zaidi, kama GB 1. Lile dogo halitoshi kwa diski tupu.

Faili lazima liitwe PS4UPDATE.PUP, hivyo hivyo. Ukilipakua kwa simu mara mbili, simu huongeza (1) kwenye jina, na mashine itadai haioni faili lolote. Libadilishe jina. Halafu flashi ndani, hali salama, sasa ndiyo namba 7.

Ukiwa na bando la siku, pakua asubuhi mapema mtandao ukiwa haujalemewa.

Risasi_na_Pasi

Haya nimesoma yote. Mwenye uzi, swali: hiyo pawa saplai haikuumia stima ilipokuwa inarukaruka? Usije ukaweka SSD mpya ikachomwa nayo.

Fundi_Makupa

Swali zuri sana hilo. Saplai ile yatoa volti 12 za kazi na 4.8 za kusubiri, mwenye mita na ujuzi aweza kuzipima kwenye plagi yake bila kufungua kasha lake. Kasha lenyewe msilifungue nyumbani. Humo mna kapasita iliyojaa umeme wa ukutani ulionyooshwa, karibu volti 340, na hubaki na chaji hata ukichomoa waya.

Kwa kuwa ya kwake imewaka mpaka nyeupe bila diski, tena mara kadhaa, ni dalili njema. Aiweke diski, aicheze gemu nzito saa nzima. Saplai dhaifu hujizima mzigo ukipanda.

MwanaKisauni (mwenye uzi)

WADAU. Imewaka.

Nimepata SSD ya mtumba yenye afya nzuri, nimeona kwa macho yangu kwenye kompyuta ya muuzaji. Namba 7 ikaenda mpaka mwisho bila kugoma. Vijana wamecheza tangu alasiri mpaka Isha, haijazima, na menyu inafunguka haraka kuliko siku niliyoinunua. Gharama yote haikufika hata nusu ya alizotaka yule wa kuchoma.

Fundi Makupa na DadaMtwapa, Mungu awazidishie.

Mzee_wa_Kaseti

Hongera kijana. Sasa nunua kinga ya friji kesho asubuhi, ile ya kuchomeka ukutani. Stima ikizidi au ikipungua inakata, na ikirudi inasubiri kidogo itulie kabla ya kuiruhusu kupita. Haikuzuii kuzimikiwa, kwa hilo unataka UPS, ile yenye betri ya akiba, lakini ule mchezo wa kurudi na kupotea utaishia kwenye kinga.

BaharinLikoni

Na mimi nichomekee hapa hapa. Ya kwangu yawaka vizuri lakini matundu ya nyuma yameota kijani, HDMI ikiguswa picha yakata. Nyumba yetu iko karibu na maji, dirisha liko wazi mwaka mzima.

Fundi_Makupa

Chumvi hiyo, yala shaba. Twaa spiriti ya isopropili ya 99, si ile ya 70 ya kusafishia vidonda, ile ina maji mengi. Mswaki laini, mashine ikiwa imechomolewa, sugua taratibu, acha ikauke kabisa. Ikiwa pini zimeliwa zimekuwa nyembamba, tundu labadilishwa, na hiyo ni kazi ya mtu mwenye darubini na mkono usiotetemeka. Hamisha mashine kutoka dirishani, wakati wa kusi upepo wa bahari waingia ndani wote.

Ukiipuliza vumbi kwa blowa, shika feni kwa kidole isizunguke. Na usipulize kwa mdomo, mate nayo ni maji.

Chumba_Kimoja_Changamwe

Samahani kuingilia uzi wa mtu. Mimi ni PS4 Slim. Stima ilirudi kwa kishindo, tangu hapo haina taa, haina mlio, haina chochote. Nayo ni diski?

DadaMtwapa

Hapana kaka, diski hata ikifa mashine ingelia na kuwaka buluu. Anza na kebo ya umeme, ni ile ya matundu mawili inayofanana na ya redio nyingi. Azima ya redio ujaribu.

Chumba_Kimoja_Changamwe

Nimejaribu ya redio na ya TV ya mama mwenye nyumba. Kimya.

Fundi_Makupa

Basi saplai ndiyo mshukiwa. Ukiifungua kufikia saplai utahitaji bisibisi ya nyota yenye tundu katikati, T8, na ile ya msalaba. Kabla ya kununua soma kibandiko cha saplai yenyewe, usiseme tu dukani "ya PS4". Hata zile za nene ziko za pini 4 na za pini 5, haziingiliani.

Chumba_Kimoja_Changamwe

Imeandikwa ADP-160CR.

Fundi_Makupa

Tafuta hiyo hiyo. Beba mashine yako dukani, aifunge na kuiwasha mbele yako ndipo ulipe. Akikwambia kwanza aichome bodi, mpe salamu zetu.